Kiko Nilichomwashia Kaka

Watu wa Muyama wakitaka kuimaliza haraka habari ya kaka yangu husema, "Niyonsaba alirogwa," halafu wanaendelea kupukuchua mahindi yao. Hebu niondokeeni! Arogwe kwa lipi? Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mke wa kugombewa, na shamba lenyewe alikuwa amegawiwa juzi tu. Mchawi gani huyo wa kupoteza dawa zake kwa mkimbizi mwenye suruali moja? Mimi Kezia nilikaa naye nyumba moja. Najua kilichompata, na najua mikono iliyompelekea, kwa sababu ni hii yangu. Ila mtu asinikatize kuniambia kwamba nilikuwa mtoto. Hilo nimeambiwa mpaka nimelichoka.

Tulitoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakati wa mauaji. Nilikuwa na miaka mitano, labda sita, nani aliandika? Yeye alikuwa na kumi na saba, kijana wa sekondari, anajua Kifaransa. Alinibeba mgongoni siku nne mpaka tukavuka mpaka na kuingia Tanzania upande wa Munanila. Nakumbuka kiu, na nakumbuka shati lake lilivyolowa jasho. Mama simkumbuki. Watu hushangaa nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo: nikifumba macho nimtafute mama, anayekuja ni Niyonsaba.

Mama yetu mzima alikuwa amebaki kichwani mwa kaka. Jioni, tukishakula, alinimegea kidogo kidogo. "Mawe alikuwa na mwanya," anasema. Mawe ndivyo tulivyomwita mama kwa lugha ya kwetu. "Mawe akicheka alikuwa anafunika mdomo." "Mawe alikuwa anaogopa kuku." Basi mimi nacheka mpaka nakohoa, mtu mzima anaogopa kuku! Lakini nikiuliza mawe alibaki wapi, kwa nini hakuja nasi, kaka anasema, "Ukikua nitakwambia. Hilo si la mtoto." Nikirudia, anatoka nje. Kwa hiyo nikawa nangoja kukua. Wenzangu walikuwa wanangoja Krismasi na nguo mpya. Mimi nilingoja hilo tu, maana duniani hapakuwa na mtu mwingine wa kuniambia mimi ni mtoto wa nani.

Pale Muyama alitupokea mzee Ntirampeba, Mha aliyefiwa na mke na asiye na mtoto. Kiha chake na Kirundi chetu ni ndugu, tulielewana siku ile ile. Alitupa kibanda nyuma ya migomba yake na kipande cha kulima maharage. Mchana Niyonsaba alikuwa mzima, analima kwetu na kulimia watu. Taabu yake ilikuwa usingizi. Halali, na akilala anaruka na kupiga mayowe, mpaka mzee anakuja mbio na mundu akidhani tumevamiwa. Asubuhi kaka anaamka macho mekundu, anashika jembe hivyo hivyo.

Hapo ndipo alipoingia Hamis. Hamis alikuwa kijana wa Kasulu aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga, mcheshi, maneno mengi, na walikuwa wakifanya vibarua pamoja. Sitamsingizia: alimhurumia kaka. Alimletea bangi imefungwa kwenye ganda la mgomba, akamwambia, "Hii kule mkongeni ndiyo mganga wetu. Unalima bila kuhisi mgongo, na ukilala unalala fofofo." Na kweli, akalala. Usiku wa kwanza aliopitisha bila mayowe, mimi ndiye niliyekaa macho namsikiliza anavyohema, nimefurahi. Ninyi mngefanyaje?

Sasa sikilizeni kosa letu. Kwetu, na kwa Waha vilevile, mwenye nyumba akimaliza kula, binti mdogo humwashia kiko. Anakishindilia, anatoa kaa jekundu mekoni, analiweka juu, anavuta mwenyewe mara mbili tatu ili kishike moto, anafuta mdomo wa kiko kwa kiganja, kisha anapiga goti na kukitoa kwa mikono miwili. Mzee Ntirampeba alikuwa amempa kaka kiko cha marehemu ndugu yake, kumwonyesha kwamba sasa naye ni mwenye nyumba. Basi bangi ya Hamis tukaitia humo. Kijana akikutwa kichakani na msokoto alichapwa, akaitwa mhuni, akapelekwa kwa viongozi. Lakini ikiwa ndani ya kiko, kimewashwa na mdogo wake kwa goti na mikono miwili, nani angesema neno? Wanawake waliokuwa wakipita walisema, "Mtoto huyu amelelewa!" Na mimi kichwa kinavimba. Harufu waliisikia, pua walikuwa nazo. Mzee naye aliisikia, akasema, "Mwacheni, kijana amebeba makubwa." Adabu ilitufunga macho sote.

Na zile mara mbili tatu za kuwashia nilikuwa naingiza moshi kifuani mwangu. Kichwa kinazunguka, nacheka peke yangu, nasinzia na sahani mkononi. Nilikuwa na miaka saba. Nasema ili mjue.

Mwaka sabini na nne ikaja operesheni ya vijiji, tukahamishwa na kupangwa mistari kando ya barabara. Niyonsaba akapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima. Wazee wenye mvi wakawa wanamwita mwalimu! Mzee Ntirampeba alijifunza kuandika jina lake, akaliandika kwa mkaa mlangoni, kwenye mpini wa jembe, kwenye mtungi, tukamtania kwamba bado mbuzi wa majirani tu. Hiyo ndiyo miaka yetu mizuri, na siwezi kusema uongo, kiko kilikuwemo. Kilikuwa kimoja, cha jioni. Baadaye kikawa cha asubuhi na jioni. Halafu na kimoja kabla ya darasa. Kaka akaotesha miche minne nyuma ya migomba, na mwenye kuimwagilia ni mimi.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Kwanza alianza kusahau. Anasimama na chaki mkononi katikati ya neno, watu wazima wanangoja, yeye anatazama ukuta. Akapata kikohozi cha mtu wa miaka sitini. Vitabu vyake vikaliwa na mchwa, na huyu alikuwa mtu wa kusoma hata karatasi iliyofungiwa chumvi. Nikimwambia, "Kaka, nisimulie mawe," ananijibu, "Kesho." Kesho ikawa ya kila siku. Kufikia mwaka sabini na sita akaacha kufundisha kabisa. Alisema wale wazee wanaandika jina lake na kulipeleka ng'ambo kwa wauaji. Akawa anasikia watu wakimwita kutoka bondeni, mimi nasikia vyura tu. Akakataa chakula cha mzee Ntirampeba, eti kina sumu. Mzee aliyetupokea! Akaacha kuoga, akaacha kuchana nywele. Alikuwa na miaka ishirini na moja tu.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namwashia kiko. Hofu ikimshika nawasha, anatulia saa moja au mbili. Kisha hofu inarudi imezidi ya kwanza, nami nawasha kingine. Majirani wakasema ni wafu wetu ambao hawakuzikwa, wanamdai. Ikaja dawa ya kufukiza, ikaja ya kuchanjia, mzee akatoa mbuzi wake wa pekee. Wapi!

Aliyeuliza swali la maana ni Bazilio, mganga wa zahanati ya kijiji, mtu mfupi asiyependa maneno. Mzee alimpeleka kaka kwake kwa ajili ya kile kikohozi, nami nikafuata nyuma. Bazilio alimsikiliza kifua, akamtazama machoni, akamwacha akae nje, kisha akatugeukia.

"Analala?"

"Akivuta, analala," nikadakia.

"Anavuta nini?"

"Kiko," nikasema, na nikajinyoosha. "Namwashia mimi mwenyewe."

"Cha tumbaku?"

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama miguu yake. "Bangi," akasema. "Mwaka wa nne huu."

Bazilio hakutukaripia. Ningependelea angetukaripia. Alikaa chini, akasema polepole kwamba kikohozi si kitu, kikohozi kina dawa. Kinachomtisha ni hizo sauti na hiyo hofu. Bangi inaweza kuivuruga akili ya kijana, akasema, kwa kuwa akili yenyewe bado haijakomaa. Na anayevuta kila siku hatari yake ni kubwa zaidi. Mimi nikaona anatuonea. Nikamwambia, "Shikamoo mganga, samahani, lakini Hamis anavuta kumzidi, na ni mzima, anacheza mpira."

"Marahaba. Ni kweli," akasema. "Na wapo watakaovuta mpaka wazeeke. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mmoja anavuta hapati kitu, mwenzake anapotea, na huwezi kujua mapema ni nani. Kama kwao kuna aliyewahi kuugua akili, au ana majeraha moyoni, inamshika upesi. Sitaapa kwamba ni bangi peke yake, mwanangu. Huyu ameona mambo. Lakini najua kwamba akiendelea hatapona. Akiacha leo, anaweza kurudi. Nimeona waliorudi."

Siku ile ile niling'oa ile miche minne na kuitupa chooni. Wiki tatu zilizofuata sizitaki. Kaka alitutukana, alitetemeka, alitapika, alikaa macho usiku kucha akizunguka nyumba, na mzee akilala mlangoni asitoroke. Hamis alikuja, akamwona, akaondoka analia. Hakumletea tena hata jani moja, hilo namshukuru. Mpaka leo Hamis yupo, ana wajukuu, anacheka vilevile. Kuna siku nikimwona barabarani nageuza njia, si kwa chuki. Nashindwa tu kuvumilia uzima wake.

Mwezi wa pili tangu aache, kaka akaanza kurudi. Akaoga bila kuambiwa. Akala ugali wa mzee na kumwomba radhi, mzee akajifanya anatoa moshi machoni. Akaniomba kitabu. Jumatano moja jioni alinitazama muda mrefu, akasema, "Kezia, umekuwa mrefu wewe!"

"Nimeshakuwa mtu mzima," nikamjibu kwa kiburi. Nilikuwa na miaka kumi.

"Jumapili tukienda kuvuna maharage, nitakwambia habari ya mawe. Alipobaki, na ilivyokuwa. Umeshaweza kuibeba."

Loo! Sikujua niiweke wapi furaha. Alhamisi niliimba, Ijumaa niliimba, mzee akaniuliza kama nimemeza redio.

Lakini kumbe kunisimulia mimi ilibidi kwanza ajisimulie mwenyewe. Ijumaa alikuwa hajalala tena siku mbili. Jioni, baada ya kula, mzee akiwa msibani kwa jirani, kaka alikaa mahali pake, akatoa kiko, akakiweka mbele yangu. Kilikuwa kimeshashindiliwa. Alikuwa na akiba kwenye nyasi za paa, sikuwa nimeijua.

"Washa," akasema.

"Kaka, mganga alisema..."

"Nani mwenye nyumba hapa, Kezia?" Hakupaza sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilikubeba siku nne. Leo hata kiko huniwashii? Basi mimi si mtu tena kwako."

Nitaeleza, anayetaka kunihukumu ahukumu. Kwetu mwanamume anayenyimwa kiko nyumbani mwake ni mwanamume aliyekwisha kutupwa na watu wake. Sikuweza kumtupa. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Bazilio baadaye, na ni ya kweli. Lakini nilikuwa na nyingine ambayo sikumpa. Niliogopa kwamba nikimkasirisha, Jumapili hatanisimulia. Niliitaka ile Jumapili. Nikatoa kaa mekoni, nikavuta mara tatu, nikafuta, nikapiga goti.

Alivuta hicho, akavuta kingine, akavuta mpaka akiba ikaisha. Jumamosi asubuhi hakuwepo. Mgambo walimkamata karibu na Munanila anakimbilia mpakani, kifua wazi, akipiga kelele kwamba mawe anamwita, na alikuwa amempasua mmoja wao kwa jiwe. Walimfunga kamba, wakampakia kwenye lori la kahawa mpaka Kasulu. Habari zilitutangulia, mimi na mzee tukawahi Kasulu, nikamwona akishushwa. Alinitazama kama unavyomtazama mtu unayempisha njiani.

Hakurudi tena, yaani akili yake haikurudi. Alitibiwa, akapewa sindano, akakaa kwa masista waliokuwa na nyumba ya kulea wagonjwa wa akili nje ya mji. Mwaka uliofuata mzee Ntirampeba alifariki. Nikachukuliwa na Bi Siti, mke wa mwenye duka moja la Kasulu, watu wenye asili ya Ujiji, Waislamu wema. Nilifagia, nilipima chumvi na mafuta ya taa, nililala na binti zake chumba kimoja. Sikupigwa, sikunyimwa. Lakini usiku binti wale wakigombana nani anafanana na bibi na nani ana pua ya shangazi, mimi nilikuwa nageukia ukutani. Bi Siti aliniambia siku moja, "Kezia mwanangu, mbona unakaa kama mgeni kwenye nyumba unayoifagia mwenyewe?" Nikamwambia, "Hapana, Bi Siti, nimezoea." Sikuwa nimezoea.

Kila Ijumaa duka likifungwa kwa sala ya mchana, nilikwenda kwa kaka. Na huko, mwenzangu, ndiko nilikosimuliwa habari ya mawe. Alinisimulia bila kuombwa! Mara ya kwanza alisema mawe alipigwa risasi darajani, akataja jina la mto. Nikarudi nalia, nikafunga siku mbili. Baada ya mwezi akasema mawe alirudi kumchukua bibi aliyekuwa hawezi kutembea, akasema atatufuata. Nikaanza kutazama kila mwanamke mwenye mwanya sokoni. Baadaye akasema yuko Kigoma anauza dagaa, mbona siendi kumsalimu? Kila mara alisema kwa machozi, kwa majina ya vilima na ya watu. Mojawapo ilikuwa ya kweli, au hakuna. Nilimuuliza Bazilio alipokuja mjini, naye akasema, "Hata yeye hajui tena, mwanangu. Hakudanganyi."

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka sabini na tisa. Nilikuwa nimevunja ungo, na Bi Siti alikuwa amenifunga kitambaa kichwani na kunipa khanga. Niliingia uani, kaka amekaa juani kwenye kigoda, amenenepa kwa dawa, midomo imekauka. Akainua macho. Akasimama. Tangu siku ile ya lori hakuwahi kusimama kunipokea.

"Mawe," akasema.

Nikageuka nyuma kuona nani ameingia. Hapakuwa na mtu.

Alipiga magoti, mwanamume wa miaka ishirini na minne, akanishika miguu. "Mawe, nisamehe. Ulisema nikimfikisha Kezia nirudi nikuchukue. Sikurudi. Niliogopa. Wewe ulikuwa unangoja, mimi nikakaa Muyama nalima maharage."

Hii ilikuwa mpya, na haikusemwa kwangu; ilisemwa kwa mawe mwenyewe. Swali lilikuwa mdomoni: nirudi wapi? Ulimwacha wapi? Nilikuwa nimelingoja miaka saba. Lakini mawe asingeuliza. Mawe anajua alikoachwa. Nikiuliza tu, angejua kwamba mimi siye, na angebaki pale chini na dhambi yake bila mtu wa kumwondolea. Nilisimama, nakwambia, nimeuma ulimi.

Nikaweka mkono kichwani pake. "Nimekusamehe, mwanangu," nikasema kwa Kirundi. "Ulifanya vizuri. Ulimbeba Kezia."

Alilia mpaka kilio kikaisha. Kisha akajifuta kwa shati, akakaa kwenye kigoda chake, akawa mpole kama zamani, nami nikachuchumaa mbele yake nikiangalia ule uso ambao kwangu ulikuwa wa mama na wa baba na wa kwetu kote.

"Mawe," akaninong'oneza, "Kezia usimwambie haya. Bado mdogo. Nimemwahidi nitamwambia mwenyewe."

Nikasema sitamwambia.